Punje ya Mkago

Nilipokuwa mtoto kule Bweranyange, miaka ile kanisa letu lilipokuwa bado banda la nyasi, niliamini kabisa kwamba tumbo la msaliti huvimba. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha. Watu wawili wakipendana kuliko ndugu waligawana punje moja ya kahawa, kila mmoja akapaka nusu yake damu kidogo kutoka chale ya tumboni, kisha wakamezeshana. Huo ndio mkago. "Ukishaumeza," bibi alisema, "mwenzako amekaa tumboni mwako. Msingizie uone kama hatavimba humo humo."

Mama alikula mkago na jirani yetu Kokuteta. Ilikuwa zaidi desturi ya wanaume, lakini wale wawili walikuwa hawaambiliki. Kwetu, anayekukaribisha kahawa ya kutafuna huanza kuionja yeye, ujue haina sumu. Mama na Kokuteta hawakuonjeana. Mmoja alinyoosha kikapu, mwingine akachota, yakaisha.

Wote wawili waliingia darasa la ubatizo. Kabla hawajamaliza, mtoto wa Kokuteta akashikwa na homa, dawa ya misheni ikashindwa. Kokuteta akaja kwetu analia, akaomba kibuyu cha pombe ya ndizi akakiweke kwenye kibanda cha mizimu, chini ya murinzi, ule mti wenye miiba na maua mekundu ambao bibi aliuheshimu.

"Mwenzangu, tumeyaacha hayo," mama alimwambia.

"Wewe wako mzima," akajibu Kokuteta.

Mama akampa kibuyu. Akamsindikiza pia, maana moyo ulimkatalia kumwacha aende peke yake, nami nikafuata. Mama alisimama mbali kwenye migomba, hakugusa kitu. Mtoto akapona, na mimi nikadhani mambo yameishia hapo.

Kumbe kibuyu kilionekana, na kila mtu alijua ni chetu. Jumapili mwalimu wa dini akasema mshika mawili moja humponyoka, na baada ya ibada wazee wa kanisa wakamwita mama. Wakamwita na Kokuteta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu naye.

"Nilimwona akikiweka," alisema Kokuteta. "Nilimwambia, mwenzangu, tumeyaacha hayo."

Hata maneno ya mama alimwibia.

Mama aliulizwa, akasema hakukiweka yeye. "Basi nani?" Akanyamaza. Kokuteta alikuwa ameketi pale pale, mtoto wake aliyepona akiwa mapajani, macho kwenye mkeka. Wazee wakakuita kunyamaza kule kukiri, wakamtoa mama kwenye ubatizo. Hakuna aliyemuuliza Kokuteta alikuwa anatafuta nini kwenye mizimu hata akayaona hayo yote. Njiani kurudi, wanawake waliokuwa wakiimba na mama walimpisha kana kwamba ana upele.

"Kwa nini hukumtaja?" nilimuuliza, nalia kwa hasira.

"Nimtaje mtu niliyemmeza?"

Basi nikalisubiri lile tumbo. Kila nilipokutana na Kokuteta kisimani nilimtazama kiunoni. Na kweli likaanza kuvimba. Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku ya mavuno. Nikakimbia kwa bibi nikitweta kumwambia kwamba mkago umemshika. Bibi alicheka hadi akakohoa. "Mjukuu wangu, hiyo ni mimba."

Akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye afya. Aliyemkanda kwa maji ya moto ni mama yangu. Siku ile niliwachukia wote, mizimu na wazee wa kanisa, kwa kuwa hakuna aliyemtetea.

Kokuteta alibatizwa. Akaja kututembelea, amevaa kitambaa cheupe kichwani, akanyoosha kikapu cha kahawa kama zamani. "Karibu, mwenzangu." Mama hakunyoosha mkono. Alikitazama kikapu, akamtazama mwenye kikapu, mikono yake imetulia mapajani. Hapo Kokuteta akaelewa. Akatoa punje moja, akaitafuna mbele yetu, machozi yanamdondoka. Mama akangoja ameze. Ndipo akachukua yake, akashukuru kwa adabu, kama anavyoshukuru mtu aliye ugenini.

Baadaye sana naye alibatizwa. Hakuna aliyemwomba radhi, na yeye hakudai. Mimi ndiye niliyebaki na uchungu, na sitaki kudanganya kwamba umekwisha.

Sasa nimezeeka, na akina mama wa kanisani huniita kusikiliza mashauri yao. Mtu akija na neno juu ya mwenzake, simgeukii kwanza yule aliyesemwa. Namwambia aliyelileta alirudie polepole, mbele ya mwenyewe, aniambie na yeye alikuwa wapi siku hiyo, na mkono wake ulishika nini. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Husema mimi ni mkali. Mimi nangoja tu waonje kwanza.