Picha ya Mtamba wa Pembe Moja

Shemeji yangu Luhende haogopi nyoka wala mganga, lakini Jumapili ile alasiri nilimkuta nyumbani kwake Bariadi amekaa ukingoni mwa kiti, jasho linamtoka kama mtu aliyefumaniwa. Nyuma ya pazia, chumbani, alikuwemo mama yangu, Nyanjige. Mama alikuwa ameomba kuwekewa picha.

Ujanani Luhende alikuwa mtafsiri wa picha kule Malampaka, kwenye banda la video lililozungushiwa magunia ya pamba, karibu na stesheni. Jenereta linakohoa nje, deki inazunguka, naye na kipaza sauti chake anawageuza Wahindi wote kuwa Wasukuma. Kihindi hajui hata neno moja. Aliangalia midomo, akaangalia machozi, hadithi ikatoka. Watu walikuja kumsikiliza yeye; picha ilikuwa nyongeza.

Picha iliyompa jina ilikuwa ya mama mkwe mkali na kijana maskini anayempenda binti yake. Mimi naipenda mpaka leo, na atakayecheka acheke. Picha za siku hizi zinanikera. Hujakaa vizuri, watu wameshavua nguo, na wewe uko na mama yako hujui uangalie ukuta upi. Ile ya zamani ni ndefu kama msimu wa palizi. Wanazunguka mti, wanaimba, wanalia, na hakuna anayembusu mtu. Unaweza kuiweka hata mkwe wako akiwepo.

Ila Luhende hakuitafsiri kwa ajili ya mkwe. Alipomwoa dada yangu Flora, ng'ombe wa mahari walipofika kwetu, mama, ambaye hakutakiwa kutia neno kwenye mambo ya wazee, alipaza sauti kutoka jikoni: "Huyo wa pembe moja mrudisheni kwao!" Wazee walimpokea yule mtamba, lakini Luhende neno lile lilimkaa rohoni. Haukupita muda, yule mama mkwe wa Kihindi akawa kila akifungua mdomo anamkataa mtamba wa pembe moja, tena kwa sauti nyembamba ya mama yangu mwenyewe. Banda lilikuwa linavunjika kwa vicheko. Luhende hakuwa na wasiwasi. Kwetu mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe hawakai pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anapinda. Mama angeingiaje bandani?

Sasa mama macho yamefunga ukungu. Kukaa peke yake Malampaka haiwezekani tena, na mimi nina chumba kimoja cha kupanga ambacho hata panya wamekihama. Flora akamleta kwake. Lakini tangu afike, mama hajafungua mfuko wake. Uko mlangoni, umefungwa kamba. "Nakaaje kwa mkwe?" ndiyo kauli yake. Alitaka kurudi Malampaka kesho yake, ila kabla ya kuondoka, alisema, asikie ile picha ya mama mkwe.

"Amejuaje?" Luhende aliniuliza kwa kunong'ona.

"Malampaka nzima inajua, shemeji. Labda kuku tu ndio hawajui."

"Usinichekeshe, Josia. Nitamwambia flashi imeharibika."

"Ukimnyima ni tusi," Flora alisema. "Ukimtukana ni tusi zaidi. Mama akitoka hapa na kinyongo, harudi, atakwenda kuungua na moto wake peke yake kule. Tafsiri kwa adabu." Utani wangu wote ukaniisha, nikaogopa na mimi.

Luhende alisimama, akatazama chini kana kwamba pazia lina macho, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila," pazia likajibu.

Picha ikaanza. Loo, bado ni tamu! Rangi zimepauka na sauti inakwaruza, lakini kijana alipoachwa kwenye mvua nilipangusa macho vilevile kama zamani. Luhende alitafsiri kwa sauti ya mzee wa kanisa. Hakutania, hakumuiga mtu. Kila alipomeza mate nilisikia.

Ikafika pale kisimani, ambapo mama mkwe anamnyooshea kijana kidole na macho yanamtoka. Luhende alifuta uso kwa kiganja. "Karibu, mwanangu," akatafsiri. "Ng'ombe wako wote ni wazuri. Wote kabisa."

Pazia likatikisika.

"Josia," mama aliita. Hakumsemesha mkwe moja kwa moja. Maneno yalipitia kwangu. "Mwambie mkwilima hapo amekosea."

Flora alishika mdomo.

"Amekosea nini, mama?" nikauliza.

"Hapo yule mama anamkataa wa pembe moja. Mwambie nilikuwa nasimama nyuma ya magunia, kila alipoiweka. Nikisikia watu wanatoka, nakimbilia nyumbani. Picha yenyewe sijawahi kuiona. Naijua kwa mdomo wake. Na sasa macho ndiyo haya. Akinibadilishia na maneno, mimi nitabaki na nini?"

Nilimgeukia Luhende nimfikishie ujumbe, kama vile hakusikia. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. Akajikohoza, akaitafuta ile sauti nyembamba, mara ya kwanza ikamkatikia. Akajaribu tena.

"Huyo wa pembe moja mrudisheni kwao!"

Kicheko kilichotoka nyuma ya pazia sijawahi kukisikia kwa mama yangu. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga kitanda kwa kiganja, akacheka tena.

"Flora," alisema alipopata pumzi, "zitoe nguo zangu kwenye huo mfuko, zitanuka. Na mwambie asiikimbize picha. Aendelee."

Flora alipiga magoti mlangoni akaanza kufungua kamba. Kwenye picha wote walikuwa wamenyamaza, kisima tu na mvua, lakini Luhende alikuwa bado anatafsiri.