Siku Tuliyokwenda Kutazama Miji

Mume wangu alikuwa mpishi wa wazee wawili Wajerumani, mke na mume, kwenye shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini mkate wake Wazungu wa mashamba ya jirani walituma watu kuja kuuomba, na maneno yake hayakuisha kutwa nzima. Mimi nilikuwa nimefika darasa la sita kwa wamisheni. Kwa sababu hiyo aliniita Mwalimu, hata tulipogombana, na tuligombana mara nyingi kwa kuwa hasira zangu ziko karibu.

Yaliyotupata yalianzia kwenye albamu ya picha. Siku za mvua yule mama Mjerumani aliifungua juu ya meza ya jikoni akamwonyesha mpishi wake miji midogo ya kwao: nyumba nyeupe zenye mbao nyeusi zilizokatizana ukutani, daraja la mawe, kanisa ambalo mababu walianza kulijenga na wajukuu ndio wakalimaliza. Walipokuwa vijana, yeye na mumewe walipanda treni asubuhi na kikapu cha chakula, wakazunguka miji miwili mitatu kwa siku moja, wakarudi jioni. Hawakuwa na mgonjwa wa kumjulia hali wala kitu cha kununua. Walikwenda kutazama tu, na chini ya kila picha mama yule aliandika walichokiona.

Mume wangu alirudi kwenye chumba chetu cha wafanyakazi akiwa hatulii.

"Mwalimu, hata sisi tuko na miji," akaniambia. "Ruiru iko. Thika iko. Umewahi kuziangalia?"

"Nimeziona."

"Umeona ukienda kununua chumvi. Mimi nasema kuangalia."

Nikamwambia ana wazimu. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ikiwawinda wapiganaji wa msituni, Mkikuyu havuki mto bila karatasi, na wanaume walikuwa wakipakiwa kwenye malori mchana kweupe. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi mitano, baada ya nyingine mbili kuharibika, na nadhani alitaka nitoke kwenye chumba kile nicheke. Nayasema hayo sasa. Wakati ule nilisema tu kwamba watu wakituuliza tunakokwenda tutaaibika.

Mzee Mjerumani alituandikia pasi ya Jumapili, kwenda Thika na kurudi siku hiyo hiyo. Mume wangu alivaa koti kuukuu la bwana wake lililomfika magotini. Mimi nilivaa viatu vya arusi vilivyonibana. Kikapuni tulitia nduma, chai kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi, mayai ya kuchemsha kwa sababu Wazungu wakisafiri hula mayai ya kuchemsha, na daftari jipya la shule lenye hesabu za kuzidisha nyuma ya jalada. Daftari lilikuwa wazo lake. Yeye atazame, mimi niandike.

Ruiru tulifika saa mbili asubuhi. Tulipita katikati ya mji polepole, tukisimama kila mahali, mpaka Mhindi mmoja mwenye duka akatoka mlangoni.

"Nataka nini?"

"Kuangalia tu, bwana," mume wangu akamjibu.

"Angalia nini?"

"Duka yako. Hii mabati iliwekwa lini?"

Yule Mhindi akatukodolea macho. Kisha akasema kwamba aliyeyaezeka ni baba yake, kabla ya vita vile vya kwanza, na kwamba yaliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alituonyesha hadi mahali ambapo msumari wa kwanza ulipigwa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Akatupa kipande cha sukari guru, na mume wangu akanigusa kiwiko: "Andika, Mwalimu."

Ukurasa ule naukumbuka neno kwa neno. Ruiru. Maduka ya Wahindi tisa, moja la zamani sana. Daraja la reli moja, la chuma. Mabehewa ya mizigo kumi na moja. Askari wawili wenye bunduki kituoni, mmoja amelala.

Hilo la kulala nililiongeza mwenyewe ili nimchekeshe nikimsomea ndani ya treni. Alicheka mpaka mama mmoja aliyepakata kuku akatugeuzia uso. Sijawahi kumpenda mtu jinsi nilivyompenda kwenye lile behewa la daraja la tatu, mkonge wa Juja ukipita dirishani mstari baada ya mstari, naye akijipangusa machozi kwa mkono wa koti la Mjerumani.

Thika ilitupokea kwa harufu ya kiwanda cha ngozi. Tulitazama maduka, tukatazama stesheni, tukateremka hadi mto Chania. Mayai tuliyalia ng'ambo ya maporomoko, tukiiangalia hoteli ya Wazungu kwa mbali, maana sisi tungepitia mlango wa jikoni tu. Mume wangu alisema mtoto akizaliwa tutamleta hapo hapo, aambiwe kwamba mama yake aliandika kitabu. Halafu akataka kujua daraja lina urefu gani. Akalipima kwa hatua, akihesabu kwa sauti kubwa, mimi nikimfuata na penseli.

Tulikuwa hatujafika mwisho wa daraja walipotujia homgadi wawili, wale walinzi weusi wa serikali.

"Nyinyi munapima nini hapa?"

"Daraja," mume wangu akasema, na alilisema kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa na yule Mhindi. "Tunatembea kuangalia mji."

Mmoja wao aliichukua pasi akaitazama. Mwingine alilichukua daftari.

Ofisini walikotupeleka kulikuwa na Mzungu kijana, shingo imebabuka kwa jua, na karani Mwafrika wa kumtafsiria. Karani alisoma kurasa zetu zote nne. Madaraja, mabehewa, bunduki, askari amelala, hatua za daraja. Niliyasikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Hakukuwa na uongo hata mmoja mle ndani, na hakukuwa na neno lililosema kwamba tulikuwa tunastarehe. Tuliambiwa kwamba hizo ni habari za kupelekewa watu wa msituni.

"Nani naandika hii?" Mzungu akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka.

"Mimi, bwana," mume wangu akasema. Kisha akageuka akanitazama, akanikazia macho, kwa muda mrefu. Nikaelewa kwamba ananiamuru ninyamaze kwa ajili ya mtoto tumboni. Kiingereza cha kueleza habari ya albamu na ya kikapu nilikuwa nacho, si kizuri, lakini cha kutosha. Nilifunga mdomo, nikaviangalia viatu vyangu.

Wakaandika maelezo yake, wakachovya kidole gumba chake kwenye wino, wakakigandamiza chini ya karatasi. Hakuna aliyeuliza imekuwaje mtu aliyejaza kurasa nne anatia sahihi kwa kidole. Mimi niliambiwa nirudi shambani kabla pasi haijaisha. Nilirudi kwa treni ya jioni na kikapu, nduma zikiwa bado zimo.

Kesho yake mzee Mjerumani alivaa tai akaenda kumwombea. Akajibiwa kwamba wapishi ndio wabaya zaidi. Aliandika barua, akaandika nyingine, na mwisho wake wakauza vitu vyao wakarudi kwao. Mama yule alinililia siku ya kuondoka. Sikumpa mkono. Hakuwa amenikosea kitu, najua, lakini nilikuwa na kinyongo na miji yao yote.

Binti yetu alizaliwa salama. Nilihamia Makongeni, pale Thika, nikawa nafua nguo za watu, na kila nilipoulizwa baba wa mtoto yuko wapi nilijibu kwa kichwa juu: yuko kizuizini, alinikinga. Hilo ndilo lililoniweka hai. Nililala nalo na kuamka nalo, kwamba kulikuwa na mtu duniani aliyeniambia kwa macho tu, nyamaza, nitabeba mimi.

Alirudi mtoto akielekea miaka minne. Meno mawili ya mbele hayakuwapo, na maneno yake yalikuwa yamekwisha. Upishi hakuutaka tena. Alipata kazi ya kufagia kiwandani, akawa anakwenda na kurudi kwa njia moja, macho chini. Jumapili moja nikamwambia tumpeleke mtoto akaone maporomoko.

"Kufanya nini?" akaniuliza. Hakuwa ananibishia. Alikuwa hajui kweli.

Nilikaa miezi na shukrani zangu mdomoni, nikitafuta pa kuanzia. Hatimaye siku moja mchana, tumekaa mlangoni nachambua maharagwe, mtoto anacheza na wenzake uani, nikapiga moyo konde.

"Sijakuambia asante," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya siku ile. Ofisini. Uliponiambia ninyamaze."

Akaacha kuwatazama watoto. "Mimi sikukuambia unyamaze."

"Uliniangalia."

"Nilikuangalia nikingoja." Akasugua kile kidole gumba kwenye goti, polepole. "Mambo ya kuandika niliichukua mimi ndio wewe wasikuguse. Ili ubaki na nafasi ya kuongea. Wewe ndiye ulikuwa na Kizungu. Nikasema kwa roho, sasa Mwalimu atawaelezea ilikuwa ni matembezi tu."

Maharagwe yalikuwa yanamwagika kutoka mapajani na sikuyazuia.

"Hata kwa lori nilikuwa bado nangoja," akaendelea. "Nilifikiri unatafuta maneno."

Hakusema kwa uchungu. Laiti angenipigia kelele! Hasira nazijua, ningemjibu, tungegombana kama zamani. Yeye aliinama akaanza kuyaokota maharagwe, moja moja, akiyapuliza vumbi. Nililia kwa sauti pale mlangoni mpaka majirani wakachungulia. Mtoto akaja mbio, akamsukuma baba yake, akauliza ni nani amempiga mama. Baba yake aliniangalia. Nilijua safari hii anachongoja ni nini, na bado sikuweza kusema.