Mizani wa Kiti cha Nyuma

Mwaka huu mwalimu alituuliza, mmoja mmoja, watu wa nyumbani kwetu wanafanya kazi gani. Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema, "Baba Mkubwa anakaa."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye kiti cha nyuma."

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akaniambia basi na mimi nikae. Lakini sikuwa nimesema uongo. Baba Mkubwa alilipwa kukaa.

Yeye ni kaka yake baba, na ndiye aliyenilea pamoja na mkewe. Alianza kama mlinzi wa geti katika duka la magari, yale makubwa ya kifahari yenye safu tatu za viti na ngozi inayonukia kiatu kipya. Siku moja mteja alikataa kununua. Akasema safu ya tatu ni ya watoto na mbuzi. Meneja akapandwa na hasira, akapiga mluzi kuelekea getini: "Wewe tumbo! Njoo uingie humu." Wakati huo Baba Mkubwa alikuwa mtu wa kujaza mlango, watu wakipishana naye kwa ubavu. Akainama, akajipenyeza, akakaa, akakunja nne, akasema, "Hapa nalala." Mteja alicheka hadi akafuta machozi, na gari likanunuliwa siku ileile.

Hakurudi tena getini. Alipewa shati lenye nembo ya duka na jina jipya, Mizani. Mteja akiuliza habari za nafasi, meneja anaita, "Mleteni Mizani!" naye anakuja taratibu kama bwana harusi. Akiingia anaguna kwa makusudi, gari linanesa, anasubiri litulie, ndipo anakunja nne na kusema maneno yake. Kama kuna gari ambalo hatoshi, wateja wanaambiwa Mizani yuko likizo. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na aliipenda. Jioni alitusimulia viti kama wengine wanavyosimulia mpira: hiki kinakumeza, hiki kina mfupa, hiki kimebuniwa na mtu asiye na makalio.

Wateja walimtania walivyotaka. Wengine walimbonyeza tumbo kama wanachagua papai. "Huyu akishuka, matairi yanashukuru!" Yeye alicheka kabla yao. Nilimuuliza kama haumii.

"Wanacheka tumbo, mwanangu. Mimi niko nyuma yake."

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika, na tumbo likaanza kumwacha peke yake. Kwanza mashavu, halafu shingo, halafu mkanda ukawa unatobolewa matundu mapya kwa msumari. Hospitalini daktari alimpongeza, akamwambia aendelee hivyohivyo. Kazini meneja alimzunguka kama anavyozunguka gari lililorudishwa na mkwaruzo.

"Mizani, unaniua. Shingo umeipeleka wapi?"

"Ni sukari, bosi."

"Sukari si inanenepesha? Sikiliza. Jumamosi anakuja yule mama mwenye maghala, na huyo hanunui gari moja. Ukiniletea hilo gofu, usivuke geti. Na usifikirie kurudi kwenye ulinzi, pale nimeshaweka mtu."

Dawa zake zilitoka kwenye kazi hiyohiyo. Daktari anasema pungua, meneja anasema nenepa, na mwili wenyewe haukumsikiliza yeyote.

Mama Mkubwa ni fundi wa viti. Anavalisha upya viti vya magari hapohapo sebuleni kwetu, na sponji zimerundikwa hadi dirishani, kiasi kwamba mgeni akija hukaa juu ya kazi. Alimtazama mumewe akijaribu shati la duka. Kola ilimzunguka shingo kama bangili kwenye fimbo. Mama Mkubwa akachukua kisu cha kukatia sponji.

Alimshonea kizibao chenye tumbo, mgongo na makalio, kwa sponji ile nene ya viti vya mabasi, kikafungwa kwa mikanda begani na mapajani.

"Geuka. Simama vizuri."

"Tumbo umeliweka juu, mama."

"Ndipo lilipokuwa."

"Halikuwa hapo. Tumbo langu mimi silijui?"

"Wewe ulikuwa unalibeba tu. Mimi nimelala nalo miaka yote, usinifundishe."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Baba Mkubwa akapiga hatua mbili tatu chumbani, akajipiga tumbo, likatoa mlio wa godoro. Mashavu tu hayakuwezekana kushonwa, kwa hiyo akajitupia taulo shingoni, kama mtu anayesumbuliwa na joto.

Jumamosi alinichukua, kwa sababu meneja hapendi gari kubwa litembee tupu, na mtoto wa shule kwenye kiti huonyesha familia. Meneja alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Umejaa."

"Nimekula, bosi."

"Wiki moja tu?"

"Njaa ya kazi."

Meneja akageukia gari. Nadhani aliona kwamba kutouliza kuna faida.

Mama mwenye maghala alikuwa mwembamba, mkavu, na saa kubwa mkononi. Hakusalimia mtu. Alilipiga teke tairi moja, akamwambia meneja, "Kijana, usiniimbie. Mimi gari nalipima kwa vitu vitatu: linakaaje, linakwendaje, na nikilichoka litanirudishia nini." Akaingia mwenyewe kwenye usukani. Meneja akakaa pembeni yake. Mimi na Baba Mkubwa tukaenda safu ya tatu. Aliguna, gari halikunesa, akaguna tena kwa nguvu zaidi, akakunja nne.

"Hapa nalala," akasema.

Mama akamtazama kwenye kioo. "Lala basi."

Tukaondoka, na injini ilikuwa laini hadi nikasikia sponji ikisugua ngozi ya kiti. Meneja alikuwa anaeleza kwamba katika toleo hili hata viti vya nyuma kabisa vinakanda mgongo, na unavitawala kwa kugusa skrini ya mbele. Mama akagusa. Kiti changu kikanifinya mabega, nikaruka kidogo. Nilitaka kujua kinafanyaje, nikawa napapasa nyuma yangu, nikachelewa kuona uso wa Baba Mkubwa. Uso wake ulikuwa unasubiri kitu.

"Mzee, kimekushika wapi?" mama akauliza.

"Kiunoni, mama. Ah! Kiunoni kabisa."

"Nimeweka mabegani."

Meneja akakohoa. Mama akagusa tena skrini. "Na sasa?"

"Sasa mabegani. Kinapanda kinashuka. Raha tupu."

"Nimezima."

Jasho lilianza kumtoka Baba Mkubwa chini ya taulo, na ndani ya ile sponji sijui kulikuwa na joto gani. Mama hakuuliza zaidi. Tulikuwa tumetoka mjini, barabara imenyooka, akakanyaga mafuta. Gari likaruka kama limetukanwa, nikabanwa kwenye kiti. Halafu ghafla akakanyaga breki.

Gari lilisimama vizuri sana, hilo lazima niseme. Tumbo la Baba Mkubwa halikusimama. Lilikatwa na mkanda wa kiti, likapanda, likaja kukaa chini ya kidevu chake, huku chini shati likiwa limelegea tupu. Alibaki akichungulia juu ya tumbo lake kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

Mama alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Akamchoma kwa ufunguo tumboni. Ufunguo ukazama.

"Kijana!" akamwita meneja, akicheka kwa sauti nyembamba. "Njoo uone ulichokuwa unaniuzia. Huyu mzee anatoka kiwandani!"

Ningependa kuandika kwamba meneja alimtetea, au hata kwamba alinyamaza. Alimvuta mkono mbele ya magari yanayopita, akasema, "Vua. Vua mbele ya mteja, mshenzi wewe, unaniaibisha." Baba Mkubwa akavua shati la duka, kisha akafungua mikanda, mmoja mmoja, vidole vikiteleza kwa jasho. Alibaki na fulana, ameshika suruali isimwanguke. Mbavu zake ningeweza kuzihesabu.

"Sasa rudi ukae," mama akasema.

Akarudi, akakaa. Hakukunja nne.

"Mtu kama huyu hata kwenye beseni anatosha, atanionyesha nini hapo? Mshushe." Alikuwa kama anapanga mizigo. "Hilo tumbo la sponji weka pale alipokuwa. Livalishe shati. Funga mkanda. Naam." Akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa. "Ona sasa. Linajaza, inabaki nafasi, halitoi jasho. Gari linakaa vizuri. Linakwenda vizuri. Linasimama. Nachukua mawili. Huyu mzee ndiye asiyerudisha kitu ukimchoka."

Meneja alicheka, kwanza kwa woga, baadaye kwa furaha.

Baba Mkubwa akashika mlango wa safu ya kati. Mama akamwangalia fulana iliyolowa. "Uende wapi na jasho hilo? Hiyo ngozi yangu."

"Bosi," Baba Mkubwa akamwambia meneja polepole, "turudi wote. Nitakaa chini, kwenye zulia. Nina mtoto."

"Mtoto apande," meneja akasema. "Wewe tembea. Zoezi ni dawa ya sukari, daktari hakukwambia?"

Sikupanda. Tulisimama pembeni ya barabara tukalitazama gari likiondoka, na katika kioo cha nyuma mgongo ule mpana wa sponji, umenyooka, na shati la duka. Haukuyumba hata gari lilipokata kona.

"Amekaa vizuri kuliko mimi," Baba Mkubwa akasema.

Tulitembea hadi viatu vikanikwaruza. Suruali aliishika kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akanishika mimi kila lori lilipopita. Nilimuuliza kama anaumia. Safari hii hakuwa na kitu cha kujificha nyuma yake, akasema, "Ndiyo."

Jumatatu meneja alipiga simu. Baba Mkubwa aliruka kuipokea, akajibu, "Naam bosi, nipo bosi." Akasikiliza. Kisha akamnyooshea mkewe simu. Meneja alimtaka fundi aliyelishona tumbo. Lile tumbo la sponji lilikuwa linafanya kazi nzuri safu ya tatu, akasema, haliugui wala haliombi ruhusa, na tawi jingine nalo linataka la kwake, kipimo kilekile.

Mama Mkubwa alikata simu bila kuaga. Alitazama cherehani. Halafu akatazama boksi la dawa juu ya kabati, limebaki tupu. Akachukua kisu.

"Simama," akamwambia mumewe.

Akasimama katikati ya sebule, mikono pembeni. Mama Mkubwa alimzungushia futi ya kupimia, akaitazama, akaitupa juu ya sponji. Futi haikuwa na faida, mtu wa kupimwa hakuwepo tena. Basi akasogea, akamzungushia mikono pasipo kumgusa, mbali na mwili wake pande zote, kama mtu aliyekumbatia pipa. Akaizuia mikono hapo hewani, isitikisike, akaniita nipime mwanya kati ya vidole vyake na mwili wa mumewe.

"Ulikuwa unaishia hapa," akamwambia.

Baba Mkubwa aliinama akaitazama ile mikono.

"Ongeza kidogo," akasema. "Nikiwa nimekula."