Firigisi ya Tata Mulenga

Mudogo wangu Caleb iko pasta wa njiani. Nyumba yake iko hapa Kenya, mtaa mumoja wa Lubumbashi, lakini kazi yenyewe iko kwenye barabara ya Kasenga, kwa makanisa madogo yasiyokuwa na pasta wa kukaa. Anaenda na pikipiki, Biblia na kanzu ndani ya plastiki, pampu imefungwa nyuma. Hapa anabatiza, pale anazika, mbele kidogo anapatanisha wamama wa kwaya. Analala popote giza linapomukuta, anakula anachopewa. Mimi ni mukubwa wa wamama kanisani, kwa hiyo safari za harusi ananibeba.

Mwaka jana tulienda kijiji kimoja karibu na mto Luapula kubariki ndoa ya Virginie na Guelord. Siku moja mbele ya harusi, baba ya Virginie, Tata Mulenga, alimuchinjia pasta kuku. Firigisi iliwekwa juu. Kule firigisi ni ya mwenye nyumba. Akimupa mugeni, ni heshima kubwa, na mugeni anaila mwenyewe. Caleb, kwa furaha yake, aliichukua akamupelekea Guelord aliyekaa mlangoni.

"Kula, bwana harusi, upate nguvu."

Guelord akala. Tata Mulenga akarudisha tonge la bukari kwenye sahani.

"Basi nyumba imepata baba mupya. Mimi niko nani tena hapa?"

"Tata, ilikuwa mchezo tu."

"Na mimi ninacheza. Kesho harusi haiko."

Virginie akaanza kulia. Caleb akanivuta nje.

"Yaya, dada yangu mukubwa, unisaidie."

"Ulisoma teolojia miaka yote ile, mambo ya kuku hawakukufundisha?"

Asubuhi nilitafuta jogoo mwenye mafuta, nikapika mwenyewe, na mapishi yangu yanajulikana Kenya yote. Guelord alimwagia baba mukwe maji ya mikono. Caleb alileta sahani, akapiga magoti, akapiga makofi pole pole, jinsi wanavyoomba radhi kule. Tata akafunua: firigisi juu. Aliila peke yake, bila haraka hata kidogo, sisi wote tumesimama, na kwaya huko nje wanarudia wimbo uleule.

"Chumvi imepungua," akasema. "Muende kanisani, ninakuja."

Chumvi haikupungua. Ningemujibu vizuri, lakini Virginie alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.