Maharage Yasiyo na Ganda

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya maendeleo pale Kasulu nikiwa nimevaa viatu vya kisigino, na Afisa Maendeleo wa Wilaya alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wakihamia vijiji vipya. Nilikuwa nimetoka chuoni, ambako mapishi ya lishe tuliyafanya kwa mayai, nyama ya kusaga na maziwa ya kopo. Nilikabidhiwa baiskeli, sufuria, mwiko na picha kubwa ya vyakula ya kutundika ukutani. Cheo changu kilikuwa Bibi Maendeleo.

Yule afisa alikuwa mtu wa maneno machache. Aliichukua ile picha, akaikunja hadi sehemu yenye nyama na mayai ikafichika kwa ndani, akanirudishia.

"Binti," alisema, "huku nyama ni ya sikukuu. Ukiwafundisha nyama, utakuwa umewafundisha wanachokikosa. Wafundishe kilichomo chunguni mwao."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Nyakitonto. Mimi ni mtoto wa duka, nimezaliwa Kasulu mjini, mama yangu mtu wa Ujiji, na jikoni kwetu haikupita siku bila dagaa. Kupika bila nyama wala samaki nilijifunzia kazini, na waliokuwa wanafunzi wangu ndio walionifundisha nusu ya kazi. Kisamvu hutwangwa, kisha huchemshwa bila mfuniko mpaka uchungu wake uishe, ndipo hutiwa karanga zilizopondwa na mawese kidogo. Lengalenga, yaani mchicha wa huku, huoshwa kwanza ndipo hukatwa. Ukikata kwanza, utamu na faida yote vinakwenda na maji. Magadi hulainisha maharage upesi, lakini hula nguvu yake. Afadhali uyaloweke tangu jioni. Ninyi wa siku hizi mnaotia unga wa pakiti katika kila sufuria mnanichekesha, maana hamjawahi kuonja maharage yaliyoiva taratibu kwa moto mdogo.

Baada ya Nyakitonto nilipelekwa Kagerankanda, kisha nikahamishiwa wilaya ya Kibondo, kule Mabamba karibu na mpaka. Hapo ndipo mganga wa zahanati aliponiita kuhusu mtoto Sebastiani. Mama yake alipopata mimba nyingine alimwachisha ziwa, akampeleka kulelewa na bibi yake, kama ilivyo desturi. Sasa mtoto alikuwa na kwashakoo, ugonjwa wa kukosa chakula cha kujenga mwili: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, naye hacheki wala hachezi.

"Bibi yake anaapa kwamba chungu cha maharage hakitoki motoni," mganga aliniambia. "Kama mtoto anayala, basi ana ugonjwa mwingine, na dawa yake sina. Nenda ukamwangalie wakati wa kula. Ukichelewa, tutamzika."

Bibi Anjela alinipokea vizuri. Chungu kilikuwa kimejaa kweli. Alinijazia maharage mimi mgeni, akajiwekea na yeye, kisha akachukua upawa akachota mchuzi wa juu, ule wanaouita umufa, akaumimina kwenye bakuli la mtoto pamoja na tonge la ugali wa muhogo. Mchuzi ulikuwa mwekundu na unanukia. Ndani yake hamkuwa na punje hata moja.

Nilimuuliza kwa upole kwa nini. Aliniambia habari za Teresia, mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa amevimba miguu na tumbo. Alikuwa akipewa mchuzi tu, kama watoto wote wa huko, mpaka siku moja alipokula maharage kwa jirani, na alfajiri akafa. Tangu hapo, alisema, hakuna mtoto wa nyumba ile aliyepewa punje, kwa kuwa maharage hupasua tumbo la mtoto.

Chuoni tulifundishwa kusahihisha imani potofu. Sikusahihisha kitu. Nilimwambia tu kwamba iko namna ya kuyapika bila ganda, na kwamba ganda ndilo linalosumbua tumbo dogo. Hilo ni kweli, na lilimpa nafasi ya kukubali. Tuliyaloweka, kesho yake tukayafikicha kwa viganja mpaka maganda yakaelea, tukayamwaga na maji. Tuliyachemsha yakalainika kabisa, tukayaponda kwa mwiko, tukatia karanga zilizokaangwa na kusagwa, kijiko cha mawese, na lengalenga lililokatwa dogodogo.

Bibi Anjela alishika kijiko, akakisimamisha juu ya bakuli.

"Na akifa?"

"Sitaondoka, bibi. Nitalala hapa hapa."

Nililala pale, na mtoto aliamka akilia njaa. Tuliendelea kumpa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kwanza alikonda, maana maji ya uvimbe yalikuwa yanatoka, na bibi akanishutumu kwamba ninamkausha mjukuu wake. Niliogopa hata mimi. Kisha nywele zikaanza kuota nyeusi kwenye mizizi, na siku moja nikamkuta anakimbizwa kwa kuiba karanga.

Siku hiyo nilikuwa na furaha, na nasema kweli, nilitegemea kushukuriwa. Bibi Anjela alikuwa amekaa chini akichambua maharage. Hakuniangalia.

"Teresia naye alivimba hivi hivi," alisema. "Kabla hajala kwa jirani."

Nikakaa chini karibu naye.

"Wewe umesoma, mwana wanje," aliniambia kwa Kiha, yaani mwanangu. "Niambie. Ni maharage yaliyomuua?"

Ningeweza kumdanganya. Moyo wangu uliniuma, lakini nilijua akibaki na jibu la uongo, mjukuu atakayefuata atarudishiwa mchuzi.

"Hapana, bibi. Siyo maharage."

Aliendelea kuchambua, akitupa mawe na punje mbovu, machozi yakimdondokea mikononi. Nilikaa naye mpaka jua likashuka.

Sasa nimestaafu, na wakati wa kuniaga wakubwa walitaja vijiji nilivyopita na majiko niliyojenga. Niliwasikiliza nikiwaza kwamba katika miaka yote ile, kila nilipomweleza mama namna ya kumlisha mtoto aliye hai, nilikuwa namweleza pia habari za yule aliyemzika. Ndiyo maana ninyi mnaoishika kazi hii nawaomba msiingie jikoni mwa mtu na maneno ya kumlaumu. Mwenyewe atajilaumu vya kutosha, na usiku mtakuwa hamko naye.

Somo lililofuata pale Mabamba lilifanyika nje ya zahanati. Nilikuwa nimeloweka maharage kwenye beseni, akina mama wamekaa mbali, wananong'ona kwamba Bibi Maendeleo anataka kupasua watoto wao matumbo. Bibi Anjela alikuja akiwa amemshika Sebastiani mkono. Alinipita, akapiga magoti mbele ya beseni, akakunja mikono ya nguo yake.

"Mnanijua," aliwaambia. "Mimi ni mama Teresia. Mwanangu alikufa kwa njaa, na chungu changu kilikuwa kimejaa. Sogeeni muone maganda yanavyotoka."

Akina mama wakasogea, nami nikasogea pamoja nao.