Nilifuta Sauti ya Mama Yangu, Nikaweka ya Mtu Mwingine

Habari zenu wanaukurasa. Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana wenzangu wengi chuoni wanasoma hapa, na hili ninaloandika sijamwambia mtu yeyote likiwa zima.

Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma diploma ya ualimu katika chuo kimoja Nachingwea. Kwetu ni Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, mama akanisomesha kwa korosho na ufuta mpaka nimefika hapa. Mama yangu hakukaa sana shule. Kiswahili chake ni cha sokoni, na akisimulia jambo linalomgusa anahamia kwenye Kimwera bila mwenyewe kujua.

Muhula huu Madam wa somo la uandishi alitupa kazi ya vikundi. Kila kikundi kimtafute mtu mwenye kisa chake, kimrekodi kwa simu, kikate na kuunganisha, itoke podikasti ya dakika kumi. Alisisitiza jambo moja: "Nataka nimsikie mwenye kisa mwenyewe. Ninyi andikeni utangulizi, halafu mnyamaze." Wenzangu hawakuwa na mtu, nikasema mimi ninaye mama.

Nilienda nyumbani Jumamosi. Nikaweka simu juu ya kinu, yeye anapepeta ufuta, nikamwambia anisimulie chochote cha zamani. Jamani, sikutegemea. Alinisimulia habari za kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, ambaye mimi nilijua tu kwamba alifariki mdogo. Kumbe aliumwa homa, mama akambeba mgongoni, wakapakiwa kwenye baiskeli ya jirani kwenda hospitali Ruangwa. Njiani, mbali bado, akamsikia mtoto amepoa. Hakusema. Aliogopa mwenye baiskeli akijua atawashusha porini. Basi akawa anamsemesha mtoto njia nzima, anamwambia tunakaribia, nyamaza, tunakaribia, na mtoto ameshakufa. "Mtoto yangu nilimsemesha mpaka getini," alisema, kisha akalia muda mrefu, nami sikuzima simu. Alipofuta machozi akaniambia, "Hii hata baba yako sikumwambia. Nimekupa wewe kwa ajili ya shule yako. Sitaisema tena."

Jumatatu tulisikiliza darasani, sisi wanne wa kikundi. Tulikuwa tumeziba madirisha kwa magodoro, kelele za nje zisiingie kwenye kurekodi. Kabla hata hajafika kwenye habari ya baiskeli, kijana mmoja akaiga, "Mtoto yangu, mtoto yangu!" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, wanaukurasa, tena kwa sauti, wasione kuwa nimeumia. Rafiki yangu, nimuite Neema, anatokea Morogoro na anaongea kama mtangazaji, akasema, "Kisa kizuri ila watu hawataelewa. Kiandike upya, mimi nitasoma kama mama." Nilikiandika usiku uleule kwa Kiswahili safi. Neema akaishusha sauti ikawa ya mtu mzima, asijulikane, akakisoma vizuri sana, mpaka pa kulia akalia. Kwenye fomu nikajaza: sauti ni ya mama yangu mzazi. Simu yangu ilikuwa imejaa, kwa hiyo ile ya mama nikaifuta. Hakuna mwenye nakala.

Madam alilia mbele ya darasa. Tukawa wa kwanza.

Nilipokwenda tena nyumbani nilikuta mama amewaita mama mdogo na jirani wawili waje wamsikie kwenye simu; alisema yeye hatasimulia tena, simu ndiyo itamsimulia. Ametandika mkeka, simu akaiweka ndani ya bakuli ili sauti iwe kubwa. Nilitafuta visingizio, chaji imeisha, sijui nini, lakini mama mdogo akaniambia, "Wewe mtoto, washa." Nikawasha. Wakasogeza masikio kwenye bakuli. Kisha mama mdogo akauliza, "Dada, huyu nani?"

Nikadanganya. Nikasema ndivyo ilivyo, kuna programu kwenye simu inasafisha sauti. Jirani wakaguna, wakasema teknolojia kubwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha uso. Halafu akaniuliza polepole, "Inasafisha na pale nilipolia?" Akainuka, akaenda kuwafungia kuku, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Sasa balaa ni hili. Mwezi ujao kuna siku ya wazazi chuoni. Madam amechagua podikasti yetu isikilizwe mbele ya wageni, na amemtumia mama mwenyewe ujumbe wa simu kumwalika, anataka baada ya hapo asimame awasalimie watu. Akifungua mdomo tu, ukumbi mzima utajua si yeye. Neema anasema, "Mwambie Madam mama anaumwa, yataisha." Nikienda kwa Madam kusema ukweli, tutafutiwa alama wote wanne, na pengine nitaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nikinyamaza, mama yangu atakaa mbele za watu asikilize mtu mwingine anamlilia mtoto wake.

Nilikuwa nimeshaamua kumwambia asije. Jana jioni akanipigia yeye. Amepeleka kitambaa kwa fundi, anashona gauni la siku hiyo. Tukaongea habari za mikorosho, kisha akasema, "Mwanangu, siku hiyo nikisimama nikaongea, si watasema mama yako ni yule mwingine? Kama utaona aibu, niambie tu. Nitakaa nyuma, sitasema kitu."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mpaka sasa sijampigia.

Najua mtanitukana, nimestahili. Lakini nyie mlio na wazazi, na nyie ambao ni wazazi, niambieni naanzia wapi: kwa Madam, au kwa mama? Na mama nitamwambia nini, wakati kisa alichonipa mara moja tu nimekifuta kwa mkono wangu?