Noeli Iliyokwama Stendi ya Biharamulo

Mwaka jana nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda tukipanda kuelekea Ngara mjini, lori la mizigo likatupita likiteremka polepole. Likatuachia harufu. Harufu ya mpira uliopata moto, ya chuma, na ya kitu kingine kama nywele zilizoguswa na kaa la moto. Kijana aliyenibeba alikunja pua akaendelea kuendesha, lakini mimi nilimgonga begani nikamwomba asimame kidogo. Alidhani nimeangusha kitu. Nilisimama pale kando ya barabara, mwanamke mzima wa miaka sitini na ushei, nikivuta hewa ile kama mtu anayenusa mchuzi wa nyumbani kwao.

Ilikuwa harufu ya breki, na kwangu mimi ni harufu ya baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa basi. Tulikaa Biharamulo, katika nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili, nyuma ya gereji, na nguo zetu zote zilinuka grisi hata zikifuliwa kwa sabuni ya kipande. Yeye alikuwa Mzinza wa upande wa ziwani, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Mama alikuwa Msubi wa Nyarubungo, na maneno ambayo Baba hakuyatumia aliyachukua yeye. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ina mabasi matatu tu, na leo haipo tena. Lakini siku zile, ukitaka kutoka Biharamulo kwenda Ngara, ulipanda basi la kampuni hiyo au uliyategemea malori, na malori hayakuwa na saa.

Miaka ile watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamishiwa vijiji vya ujamaa. Ndugu waliokuwa wakiazimana moto sasa walikuwa mbalimbali, huyu Nyabusozi, yule ng'ambo ya msitu. Kwa hiyo Noeli haikuwa sikukuu ya kanisani peke yake. Ilikuwa siku ya kuonana. Mtu alianza kumnenepesha jogoo tangu mwezi wa tisa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi, na siku tano kabla ya Noeli, Baba hakwenda kazini.

Alikaa uani akinoa jembe lililokuwa tayari na makali. Wenzake wawili, madereva wa mabasi mengine, walikuja wakakaa naye. Neno mgomo halikutamkwa kwa sauti nyumbani kwetu. Lilikuwa neno la kumwitia mtu polisi. Nilipomuuliza Baba kwa nini hajaenda, alisema, "Magari yanaumwa."

Na kweli yalikuwa yanaumwa, ingawa sikujua kiasi gani. Nilijua kwamba kila basi lilisafiri na gogo la mti, fupi na nene, lililowekwa karibu na mlango. Gari likisimama mlimani, kondakta aliruka chini na kulisukumiza gogo lile nyuma ya tairi ili basi lisirudi kinyumenyume. Sisi watoto tulidhani kila basi duniani lina gogo lake, kama vile lilivyo na honi. Mwezi mmoja kabla ya siku hizo, kondakta wa Baba, mtu mzima mwenye watoto watano aliyeitwa Patrisi, alichelewa kidogo kuuondoa mguu wake. Basi likaupanda. Alikuwa bado hospitalini, na mguu haukuwa naye tena.

Lakini mtoto hafikirii mguu wa mtu aliye mbali. Mimi nilifikiria stendi. Mama alinituma chumvi dukani, nikaikuta stendi imejaa kama mnada. Mvua ilikuwa imenyesha, matope yamefika vifundoni. Kulikuwa na masanduku ya mbao, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, vikapu vya senene waliokaangwa vikinukia hadi mate yakanijaa. Wanawake walikuwa wamewakinga watoto kwa kanga. Na mabasi matatu yalisimama palepale, milango imefungwa.

Aliyesikika kuliko wote alikuwa mama mmoja Mhangaza, mfupi, mpana, mwenye jogoo mwekundu kwapani. Jina lake nililijua baadaye: Bibi Skolastika. Alikuwa anakwenda Ngara na mkwewe, mke wa mwanawe, aliyebeba mtoto wa miezi mitatu. Mama yake Bibi Skolastika, kizee asiyeweza tena kutoka kitandani, alikuwa akimsubiri kitukuu huyo, na habari zilizofika zilisema asingesubiri sana.

"Dereva gani huyu," alipaza sauti, "anarara kitandani kwake, na sisi turare matopeni? Hana mama? Alizaliwa na basi?"

Watu walicheka kwa hasira. Mmoja akasema madereva wapelekwe shamba wakalime pamba. Mwingine akasema wamelewa maneno ya redioni, kwamba mfanyakazi naye asikilizwe. Mzee Abdalla, mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka pwani, alikuwa amefungua baraza lake lote watu wakae, na mkewe alikuwa akigawa chai ya rangi kwenye vikombe vya bati. Yeye alisema, "Jamani, mtu hakatai kazi yake siku ya neema bure bure. Ana lake moyoni." Wengine waliguna. Wengine waliinamisha vichwa juu ya chai.

Mtoto mmoja wa shuleni kwetu aliniona. "Huyo hapo," akasema, "baba yake ndiye kaficha Noeli."

Nilikimbia. Chumvi niliisahau, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwonea baba yangu aibu.

Siku ya pili, meneja alikuja na Landrova kutoka makao makuu. Alikuwa kijana mwenye suti ya Kaunda na viatu vyeupe, ambavyo matope ya kwetu hayakuviheshimu. Aliwaita madereva watatu gereji, na sisi tulisikia ukutani. Alisema kesho asubuhi mabasi yaondoke. Asiyeondoa gari, hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba ya kampuni. Baba alirudi akakaa kwenye kigoda chake. Jembe hakuligusa tena. Baadaye akaondoka kwenda kuwatafuta wenzake.

Jua lilipoanza kulegea, Mama alijifunga kanga kiunoni. "Spesioza," aliniambia, "twende stendi."

Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Bibi Skolastika, akampigia magoti kidogo na kumwamkia. Akamwambia nyumba yake ni ndogo lakini haivuji. Tulirudi na watu saba: Bibi, mkwewe, mtoto, mama mwingine na watoto wake watatu. Na jogoo. Njiani Mama aliniinamia sikioni. "Wakikuuliza baba yako anafanya kazi gani, sema analima."

Mama alisonga ugali wa muhogo, akaunga maharage, akawapokea vile watu wa Nyarubungo wanavyopokea, yaani kwa kumwambia mgeni kwamba hajala hata kama anakaribia kupasuka. Mtoto mchanga aliogeshwa kwa maji ya moto akalala. Bibi Skolastika alikula huku akimchambua dereva mfupa kwa mfupa. Alimtakia pancha. Alimtakia mke mwenye mdomo, na Mama akaitikia, "Huyo anaye."

Halafu Bibi akanigeukia. "Na wewe, mjukuu, baba yako yuko wapi?"

"Analima, Bibi."

"Analima nini?"

Sikuwa nimeandaliwa kwa swali hilo. "Mihogo," nikasema.

Alinyosha kidole ukutani. Pale, kwenye msumari, lilining'inia koti la kaki la Baba na kofia yake ya kazi. "Na kofia ya dereva imeota kwenye mihogo hiyo?"

Mama alitazama chini. Na ndipo Baba akaingia.

Alisimama mlangoni akiwatazama wote: wale watoto watatu waliobanana kwenye mkeka, mtoto mchanga aliyelala kitandani pake, jogoo chini ya meza. Akavua viatu. "Shikamoo, mama."

Bibi Skolastika alimpima kuanzia chini hadi juu, na Baba alikuwa mtu mrefu, kwa hiyo ilichukua muda.

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi kaa ule. Chakula chako kinapoa."

Hivyo ndivyo mgeni alivyomkaribisha baba yangu nyumbani kwake. Baba alikaa, lakini hakula. Alimweleza Bibi kila kitu, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja. Alisema ukikanyaga breki ya gari lile, mguu unazama hadi sakafuni kama umekanyaga tope. Unakanyaga tena, na tena, ndipo linakamata, na siku nyingine halikamati. Alieleza mteremko mmoja wa kabla ya Ngara, ambako anashuka akiwa ameshikilia gia na kumwomba Mungu kwa Kizinza. Alieleza habari za Patrisi na mguu wake. Walikuwa wameomba vipuri tangu masika.

"Mama," alimaliza, "hata mimi nataka ufike."

Bibi aliosha mikono polepole. "Breki" aliita "bleki", na mpaka leo nikilisikia neno hilo namsikia yeye. "Kama ni bleki," alisema, "mbona hamkutuambia? Tumewatukana siku mbili bure."

Asubuhi stendi ilijaa tena, Bibi akiwa amewahi kuwaeleza watu habari za breki, na safari hii Baba aliniruhusu niende naye. Meneja alikuwa amesimama kando ya basi la kwanza, funguo mkononi. Madereva wale wawili walikuwa wametazama chini. Niliona wazi kwamba mmoja akikubali, na mwingine atakubali. Meneja alimnyoshea Baba funguo. "Endesha."

Kabla Baba hajajibu, Bibi Skolastika alipita katikati ya watu na jogoo wake.

"Mwanangu," alimwambia meneja kwa upole mkubwa, "sisi tuko tayari kusafiri. Lakini wewe ndiye mwenye gari. Panda kwanza. Kaa pale mbele, kwenye kiti cha dirishani. Sisi tutakaa nyuma yako, twende wote Ngara, ukale Noeli kwetu. Jogoo huyu ni wako."

Meneja alicheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye.

"Panda," akasema mtu nyuma.

"Panda, ndugu!" wakasema wengine.

Alilitazama basi. Macho yake yalishuka hadi kwenye gogo lililokuwa karibu na mlango, akaliangalia muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia kuni. Watu walewale waliotaka madereva wakalime pamba sasa walikuwa wamesimama upande wa Baba, mmojammoja, bila kuambiwa na mtu. Mzee Abdalla alitoka barazani akaja kusimama nao. Wala haikuwa Noeli yake.

Meneja alizirudisha funguo mfukoni. Akavuka matope kwenda posta kupiga simu.

Fundi alifika kesho yake asubuhi na kasha la vipuri, akiwa amepewa lifti na lori la samaki. Alifanya kazi chini ya mabasi siku nzima, na abiria walimshikia turubai mvua ilipokuja. Watu ambao juzi walikuwa wakitukana sasa walikuwa wakipelekeana spana kama wamezaliwa gereji. Siku ya mkesha wa Noeli, kabla ya saa sita mchana, basi la Baba lilikuwa tayari.

Bibi Skolastika aliweka mguu kwenye ngazi, akasita. "Huyu mtoto wako," alimwambia Baba, akinionyesha mimi, "naye aje."

Baba alinitazama, akamtazama Mama. Mama aliniingizia gauni langu la kanisani kwenye kikapu. Nikapanda.

Tulipita msituni, tukapita vijiji vipya vyenye nyumba zilizopangwa mistari, tukafika kwenye mteremko ule. Katikati yake, mahali penye mwinamo mkali, Baba alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikanyaga breki mara moja, akasimamisha gari. Akazima injini.

Basi zima likanyamaza. Nilisikia mvua ikidondoka kutoka kwenye majani, nikaisikia pumzi yangu. Kila mtu alikuwa ameshika kiti cha mbele yake. Chini yetu bonde lilikuwa jeupe kwa ukungu. Basi halikusogea, hata kwa upana wa kidole.

Kigelegele cha Bibi Skolastika ndicho kilichovunja ukimya ule, na baada yake sijui nani alianza wimbo, ila najua basi liliingia Ngara likiimba. Baba alikuwa akijifuta uso kwa kiwiko. Nilidhani ni jasho.

Kizee alimwona kitukuu wake. Alimshika kisigino akakataa kukiachia, akaishi mpaka Pasaka. Nilikula Noeli kwao, na jogoo alikuwa mgumu sana.

Baba hakufukuzwa. Vita vya Kagera vilipokuja, basi lake lilichukuliwa kubeba askari, akaenda nalo, na akarudi. Alifariki mzee, kitandani kwake.

Miaka yote niliamini kwamba Mama aliwaleta wageni wale ili Baba awaonee huruma, akubali kuendesha. Niliwahi hata kumlaumu moyoni. Siku moja, tayari nina watoto wangu, tulikuwa tunachambua maharage Nyarubungo nikamwambia hivyo. Alinishangaa.

"Jioni ile baba yako alikuwa ameshakubali," alisema. "Alivyotoka gereji aliniambia, kesho naendesha, sitaki watoto wangu walale nje. Angeendesha. Ndiyo maana nikaenda stendi. Nilitaka awaone atakaowapakia."

Akapuliza makapi, akaniambia nisogeze ungo.